Meza ya Mgeni Rasmi

Mjukuu wangu Neema,

Sisi tu wazima. Babu yako bado anagombana na baridi ya mtaa wetu wa Edmonton. Unauliza kwa nini nimekataa kutajwa mtakapofungua maktaba niliyoichangia.

Ujanani nilifanya usafi kwenye sinagogi hapa London. Jiko lao lilikuwa limefungwa, na wazee wa Kiyahudi wakawa wanakula peke yao majumbani. Mama mmoja akatoa fedha, jiko likafunguliwa, wakarudi kula pamoja. Alipokuja kututembelea, nikamwandalia meza ya mbele yenye maua, kama mgeni rasmi wa kwetu. Akaipita, akaketi na wazee kumenya karoti. Bikizee mmoja, asiyemjua, akamgombeza: "Unatupa nusu ya karoti!" Mama yule akacheka mpaka machozi.

Basi nikija, mpenzi wangu, usiniandalie meza. Nipe vitabu nivipange, na nikikosea, unigombeze.

Bibi yako