Ekzosi Inalia, Mama Anakimbia

Mpendwa Baba,

Ile pikipiki yako ya matairi manne, uliyoinunua kuukuu kwa wamisionari, itaniulia Mama. Nimechoka, Baba. Maji yamenifika shingoni.

Wiki ya tatu sasa inapiga mishindo. Kila nikiachia mshiko wa mafuta kwenye mteremko wa kutoka Busunzu, paa! paa! Mara ya kwanza Mama alijirusha chini na kidonda chake cha mguu, akatambaa mpaka kwenye migomba. Nilimkuta kalala kifudifudi, mikono kichwani. Miaka yote hii tangu mtoke Burundi, mwili wake bado unasikia bunduki. Tangu siku hiyo hapandi. Bodaboda nayo haiwezekani, goti halikunjiki. Na daktari wa Kibondo ameshasema: kidonda kisiposafishwa hospitalini, mguu utakatwa.

Unakumbuka ulivyonikalisha kwenye debe ukanipa spana? Majirani wakacheka, "Mtoto wa kike na grisi, jamani!" Ukawajibu, "Injini haichagui mkono." Basi nimefanya yote uliyonifundisha. Plagi nimeweka mpya. Kabureta nimeifungua, nimeiosha kwa petroli, nimepuliza kila kitundu. Wapi! Nililia, nikaipiga teke, nikaumia mimi.

Kumbe mjinga ni mimi. Pale ekzosi inapoungana na injini ulipakaza udongo wa kichuguu, mwaka ule tulipokosa gasketi ya kuziba hapo, ukakauka kama tofali. Sikupagusa. Ningepagusaje, na alama za vidole vyako zingalipo ilhali wewe hupo tena? Jumanne nikasogeza unyoya wa kuku hapo injini ikiwaka, unyoya ukatetemeka. Ufa mwembamba, mweusi kwa masizi. Ukiachia mshiko wa mafuta, hewa inaingilia hapo, na petroli ambayo haijaungua inalipukia ndani ya bomba.

Nimeubandua udongo wako kwa patasi, Baba. Nisamehe. Nimefunga gasketi iliyotoka Kasulu, nikashuka nayo mteremko mzima. Kimya.

Nikamkimbilia Mama, nikapiga magoti. "Mama, twende. Haitalia tena, naapa."

Akaufunika mguu kwa kitenge, lakini harufu ilishanifikia. Akasema polepole, "Hata baba yako aliniambia hivyo kule Burundi, tulipojificha porini. 'Turudi nyumbani, bunduki hazitalia tena.' Tukarudi. Tukamzika kaka yako."

Sikujua kama nilikuwa na kaka. Hamkuniambia. Pikipiki iko mlangoni, Baba, imenyamaza, na mimi sina neno la kumwambia Mama ambalo wewe hukulitumia.

Pumzika, kama unaweza.

Binti yenu aliyebaki