Baba, Chupa Yako Haikuwa Kombe

Baba,

Shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa, ila nimezoea.

Arobaini yako tumeisoma juzi hapa Jomvu Kuu. Vita vimekwisha lakini sukari bado ya mgao, watu wakanywa kahawa ya hitima chungu vivyo hivyo. Ningekueleza mengi, ila sina muda. Mwanangu Athumani, mjukuu wako, ana homa siku ya tatu, na leo dada yako, Shangazi Mwanasha, amemnywesha maji ya ile chupa.

Chupa yako ya bara, Baba! Uliyorudi nayo ulipokwenda kumpikia yule Mzungu mchunguzi, kwenye ziwa lenye chemchemi zinazochemka na kurusha maji juu kupita kimo cha mtu, ukaijaza maji ya huko. Kosa ni langu. Niliiweka rafu moja na msahafu kwa sababu ilikuwa yako. Shangazi ameona maji ya njano kando ya msahafu, angedhani nini tena? Kadhani ni kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa marashi. "Nimempa kombe la kakangu," kaniambia, "atapoa inshallah." Tangu ufe sijamwona na furaha ile. Badala ya kumwambia ukweli, nikachukua kalamu nikuandikie wewe.

Sasa natafuta neno lako la kunisaidia. Ulisema maji yanapobubujika yai huiva, wala hapaoti kitu. Hatua chache mbele, yanapopoa kidogo, ndipo unapotanda huo utando wa njano, tena uko hai; chini zaidi wa kijani, kisha vijidudu, na ndege heroe wanaokuja kunywa. "Hata pale pana wenyewe, mwanangu." Nilikucheka. Heroe wanakunywa, sawa, na mtoto wa miaka minne je? Wewe uliyapikia chai maji hayo, au uliyakwepa? Sikukuuliza. Nilikuuliza kama Mzungu anakula pilipili!

Athumani amelala. Kila mara naweka kiganja kifuani pake nisikie kama anapumua.

Nusu ya chupa imebaki, ya kumpa baada ya alasiri. Shangazi yuko kwenye mkeka wa sala, anaisali sasa. Nikimwambia, namnyang'anya zawadi ya mwisho aliyodhani umemwachia.

Mungu akulaze pema, Baba. Nakuahidi, Shangazi akitoa salamu ya kumaliza sala tu atanikuta nimeketi mbele yake. Nitamwambia yote, kisha nimbebe mtoto hadi zahanati. Akinikasirikia, na anikasirikie. Wewe nimekuzika. Huyu siwezi.

Mwanao,
Zuhura