Yaya Ameniuliza Tena Achukue Bunduki Gani

Ijumaa, alasiri. Mvua iliyoanza asubuhi imekatika, na matope ya uani yananata kwenye viatu. Niko kwa mdogo wangu Faida, kijijini kwetu, chini ya Sange kuelekea mto Ruzizi. Nimekaa kwenye benchi nje ya jiko lake, simu mkononi, najifanya najibu meseji za wateja.

Mliozoea kunisoma hapa mnajua habari zangu: cherehani, vitambaa, umeme wa Uvira unaokuja kwa kubembelezwa, mume wangu na koromo lake. Leo sina la kuchekesha. Nimebeba kitu kizito na sijui nikitue wapi.

Juzi Yaya alinipigia simu. Yaya ni kaka yetu mkubwa, Kashindi. Anaishi Makobola, anavua samaki, ingawa kazi aliyofundishwa na baba haikuwa ya ziwani. Baba, papa kama tulivyomwita, alikuwa mwindaji, na Yaya ndiye aliyekuwa akimfuata kwenye matete tangu alipoweza kutembea bila kupiga kelele.

Kijijini kuna kiboko dume. Amemaliza mpunga wa watu, na wiki iliyopita alimuua mama mmoja aliyekwenda kufungulia maji ya mfereji. Shefu wa kijiji amemwita Yaya aje amalize kazi. Bunduki ziko mbili. Moja ni ya baba, kalibre duze, ile bunduki ya kuwindia ya mtutu mmoja, ambayo shefu ameitunza miaka yote pamoja na risasi zake mbili zilizobaki, zile kartushi. Nyingine ni kalashi, bunduki ya vita ya vijana waliojipa kazi ya kulinda kijiji, maana vita vimerudi tena huku uwandani.

"Noela," Yaya aliniambia, "duze iko, na kalashi iko. Kartushi za papa zimezeeka, sijui kama zitawaka. Weye unasema nichukue gani?"

Nikasimamisha cherehani. Halafu Yaya akasema polepole, "Si ni weye ulinichagulia ile mara ya kwanza."

Hakuisema kwa hasira. Ila miaka yote hii hakuwahi kuisema, hata tukiwa wawili tu.

Baba alikuwa akipiga risasi moja basi. Alikwenda alfajiri, wakati kiboko anarudi majini ameshiba, akamsogelea hadi hatua chache, upande ambao upepo haupeleki harufu, akalenga nyuma ya sikio. Duze ilikuwa na mlio mzito, unausikia kifuani kabla ya masikioni. Wanawake wakiusikia walisema, "Hiyo ni ya Papa Kashindi," wakachukua visu na mabeseni. Hakuna aliyekimbia. Na hiyo ilikuwa miaka ya kukimbia, tulilala na mafurushi mlangoni. Mlio wa kalashi ukisikika mbali, sufuria iliachwa motoni. Hata mtoto wa kutambaa alijua: duze ni nyama, kalashi ni miguu.

Baba akafa kwa ugonjwa, vita vikaendelea, kiboko akaingia kwenye mpunga wetu. Barabara ilikuwa imefungwa na mpunga ndio ulikuwa chakula chetu chote. Yaya akasema atakwenda na duze. Mimi ndiye niliyefungua kopo la maziwa ambamo baba alihifadhi kartushi. Kopo lilikuwa limeshika kutu, na kartushi moja ilikuwa imevimba kwa unyevu.

Niliogopa. Ukimkaribia kiboko hatua kumi na kartushi ikagoma, hutarudi nyumbani. Nilimwambia Yaya, "Minye siko nataka kukuzika juu ya kartushi ya kuoza." Nikaenda mwenyewe kwa askari mmoja wa wale waliopiga kambi kwenye shule, nikamwomba kalashi yake kwa asubuhi moja tu, tumpe paja la nyama. Nilikuwa na mdomo mtamu siku hizo. Akakubali.

Tatizo lilikuwa mama. Mama alikuwa na amri moja nyumbani: silaha ya askari haishikwi na mtoto wake. Kwa hiyo nilimdanganya. Nilimwambia Yaya anakwenda na duze, na ili aamini, Yaya alitoka ameiweka begani, akaiacha kwenye kibanda cha kufukuzia ndege wa mpunga na kuchukua kalashi niliyoificha hapo. Mama alimwombea mlangoni. Akatoa sufuria kubwa ya sherehe akaiosha.

Hakuna kati yetu aliyefikiria mlio. Tulifikiria kartushi, tukafikiria meno ya kiboko, tukafikiria amri ya mama. Mlio hatukuufikiria.

Nilikuwa nimesimama kwenye ukingo wa mfereji na beseni langu mkononi, kalashi ilipolia. Milio sita. Nilicheka. Nakiri hapa, nilicheka na kupiga makofi, kwa sababu mlio wa sita ulikuwa wa kutulia na nilijua amemwangusha.

Kisha nikaona kijiji kizima kinashuka kwenye mpunga kuelekea mtoni.

Walikimbilia kivuko cha kwenda upande wa Burundi, kama walivyozoea. Nilipiga kelele kwamba ni Yaya, ni kiboko tu, rudini. Nani angenisikia? Ruzizi ilikuwa imejaa kwa mvua. Watu walishikana mikono wakaingia. Mama alikuwa katikati yao, furushi kichwani. Jirani aliyemshika mkono alitusimulia baadaye kwamba pale ukingoni mama alisita, akatazama nyuma, akasema, "Hiyo siyo duze. Mutoto wangu wamemukuta." Alidhani wamemuua Yaya. Maji yalimchukua kabla hajafika katikati.

Kama ningemwambia ukweli, asingeingia majini. Angekaa jikoni akininunia, sufuria yake safi mbele yake.

Tulimpata siku ya pili, mbali upande wa chini wa mto, kwenye matete. Wageni wa kilio walikuwa wengi na chakula hakikuwepo, isipokuwa nyama ya kiboko. Ikapikwa kwenye ile sufuria. Ni mimi niliyeigawa. Wajomba wakauliza nani alimdanganya mama, nani alileta silaha ya askari. Yaya akasimama mbele ya watu wote, wakiwemo wazee wa mchumba wangu waliokuja kutufariji, akasema, "Ni minye. Nilikuwa peke yangu." Hakunitazama.

Nilikuwa na sahani mikononi. Sikusema kitu.

Mwaka huohuo niliolewa vizuri. Yaya alihamia Makobola kwa sababu hapa watu waliacha kumwitikia salamu. Faida alikuwa bado binti mdogo, kitinda mimba, aliyekuwa akilala mgongoni mwa mama mpaka aibu ikamshika. Tangu siku ile hajamwambia Yaya neno hata moja. Binti yake wa kwanza amempa jina la mama, na Yaya hajawahi kumbeba mtoto huyo. Nilimwona Yaya mara moja tu akimtazama kwa mbali, kwenye harusi Uvira, kisha akatoka nje kama mtu aliyeitwa. Nilimfuata kwa macho, nikaendelea kula. Mimi ndiye mama mkubwa mpendwa kwenye nyumba hii. Nimelala hapa, nimekula maharage ya Faida, nimesikiliza anavyomtaja Yaya, "yule aliyemuua mama," na nikashika kikombe changu cha chai.

Mchana wa leo nilipita kwa shefu. Yaya amekwisha fika. Ana mvi sasa. Amechagua duze. "Hii mara sitaki muntu akimbie," alisema. Nikaomba kuziona kartushi. Shaba yake imekuwa ya kijani. Alitaka kuzianika na jua hakuna, basi amezifunga kwenye kitambaa na kuziweka ndani ya shati lake, zipate joto la mwili. Nikamwambia achukue kalashi, shefu apitishe habari nyumba kwa nyumba. Akasema habari itapita kijiji hiki tu, na vijiji vingine vitasikia mlio uleule na mto ni uleule.

Kesho alfajiri atafanya kile nilichomkataza kufanya wakati ule. Zikiwaka, ziwake. Zikigoma, Yaya wangu atakufa amebeba uongo wangu, na Faida atazika mtu ambaye hakumkosea.

Tangu nimefika nimefungua mdomo mara tatu kumwambia. Mara ya kwanza nikaomba chumvi. Ya pili nikasifu pazia. Ya tatu nikauliza homa ya mtoto, naye mtoto hajaugua.

Mume wangu sijamwambia. Wazee wake sijawaambia, na wengine wamekwisha kufa wakiniita mke mwema. Naogopa vyote hivyo, lakini ninachokiogopa zaidi ni uso wa Faida. Anachagua mawe kwenye mchele sasa hivi, hapa mbele yangu, miguu ameinyoosha kabisa kama alivyokuwa akikaa mama. Ameniuliza kuhusu wateja wangu, "Hao bakiriya bako hawaishi?" Nimemwambia nakaribia kumaliza.

Mdomo umegoma, lakini vidole vimefanya kazi. Nitaweka haya kwenye blogu kama ninavyoweka mengine, ili nisipate nafasi ya kuyafuta, kisha nitampa simu asome.

Faida, sasa ni weye unayesoma. Mama nilimdanganya mimi. Kalashi niliitafuta mimi. Yaya alitaka kwenda na duze.

Hasira yako kwangu itangoja, sikimbii, nitakuwa hapa kwenye benchi. Lakini yeye yuko kwa shefu, nyuma ya kanisa, anapanguza bunduki ya papa, na jua bado halijazama. Acha huo mchele. Mchukue mtoto, uende.