Sahani ya Jumamosi

Hallonbergen, Sundbyberg,
Uswidi.
14 Mei 2011

Mpendwa mwanangu Concessa,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwako. Hujambo wewe, na mumeo Mashauri, na wanafunzi wako hapo Kigoma? Mama yako Adelina, magoti yamempa nafuu? Huku tu wazima. Theluji imekwisha, miti imejaa majani ndani ya wiki moja, na jua linatua saa tatu usiku. Miaka kumi na saba, bado sijalizoea hilo.

Barua yako imenifikia. Umeniuliza, kwa adabu yako, kwa nini katika picha ya Pasaka shingo yangu inacheza ndani ya kola, na kuniambia kwamba huko wameanza kunong'ona. Waambie wasinililie bado. Nimepungua kilo nane, tena kwa kukusudia. Lakini kuna jambo nililificha, na wewe u mtoto wa marehemu mdogo wangu, kwa hiyo nakueleza lote.

Mwezi wa kwanza walinipima damu wakakuta sukari imepanda sana. Daktari alipochungulia ndani ya macho, akaona mishipa imeanza kuharibika. Akanipa miezi mitatu: nimeze vidonge na kubadili chakula. Sukari isiposhuka, nianze sindano. Sindano siziogopi. Macho ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Unanijua mimi mwalimu wa zamani: ukininyang'anya vitabu, kinachobaki ni mzee aliyekaa kwenye kiti.

Muuguzi wangu anaitwa Aida. Amezaliwa huku, wazazi wake ni watu wa Tanga. Aliniagiza niandike kila ninachokula kwa wiki mbili. Niliandika kwa mwandiko safi: uji, maharage, samaki, ndizi. Akasoma, akakuna kichwa.

"Babu, kwa chakula hiki ungekuwa unacheza mpira. Mbona Jumamosi hakuna kitu?"

Nikamjibu kwamba Jumamosi nakuwa na wenzangu Kista. Ile ni kutembeleana, si kula.

"Na kinachoingia tumboni wakati wa kutembeleana," akauliza, "kinakwenda wapi?"

Nikuelezee hiyo Jumamosi. Tu wazee watano kutoka Burundi. Tunakutana kwenye mkahawa wa kebabu ndani ya lile duka kubwa la Kista, wanaponifahamu tangu nilipokuwa nikisafisha ofisi za jirani. Kila wiki mmoja wetu, kwa zamu, huwaagizia wote, na hakuna anayeulizwa anataka nini: nyama ya kebabu, chipsi tele, mchuzi mweupe umemwagwa juu, soda kubwa. Tunamaliza. Wewe umekulia Tanzania, labda hukuliona hili kwa ukali wake, lakini kwetu anayesukuma kando chakula cha mwenzake amemwambia kwamba hamwamini. Na Callixte, rafiki yangu mkubwa pale mezani, anatoka upande ule ambao mwaka 1972, wakati wa mauaji ya kikabila kwetu, sisi tuliukimbia. Hatukuwahi kulizungumza. Miaka kumi na minne tumekula tu, na kule kula kukatutosha.

Hapo ndipo nilipokosea. Ilikuwa zamu ya Callixte. Niliona haya kutaja ugonjwa mbele ya wanaume, basi badala ya kumweleza niliinuka nikaenda kaunta mwenyewe, nikaomba kuku wa kuchoma, kabichi mahali pa chipsi, mchuzi pembeni, na maji. Callixte aliitazama sahani yangu, akaitazama na ile aliyoniagizia ikipoa. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Ludovic, aliye mdogo kwetu sote, akanivuta kando.

"Mzee Deo, umemwambia nini yule mtu?"

"Sikumwambia neno."

"Basi ndilo hilo alilolisikia."

Nikapanda treni mbili hadi Vällingby anakokaa, karatasi ya vipimo mfukoni. Callixte alifungua mlango, hakunikaribisha kiti. Aliisoma karatasi amesimama, mpaka mstari wa mwisho.

"Sukari?"

"Sukari. Na macho."

"Macho! Mwalimu mzima unaugua kwa kujificha kama aliyeiba kuku!" Kisha akakaa, sauti ikashuka. "Mimi nilidhani ile vita ya kwetu imekufikia huku, Deo. Wiki mbili najiuliza nimekutenda nini."

Nilimwomba msamaha. Tulizungumza mpaka chai ikapoa, hata yale ya 1972, kidogo, kadiri tulivyoweza.

Usidhani nimeuacha mkahawa. Aida hakunikataza, alinifundisha kuchagua: cha kuchoma kuliko cha kukaanga, sahani ndogo, mchuzi wa kuchovya si wa kumwagia, na maji. Juisi ya machungwa niliyokuwa nikijivunia kwamba si soda, kumbe nayo imejaa sukari. Najua na wewe mchana unakula chipsi mayai nje ya shule. Omba chipsi nusu na kachumbari nyingi, muuzaji hatakuchukia. Na ukapimwe, mwanangu. Baba yako alikuwa na kiu isiyokwisha, nasi hatukujua maana yake.

Jumanne nilirudi kwa daktari. Sukari imeshuka, sindano imeahirishwa, na macho hayajazidi kuharibika. Watayatazama tena mwakani.

Leo ilikuwa zamu ya Callixte. Nilikaa, sikwenda kaunta, sikuuliza. Akaniwekea kuku wa kuchoma, kabichi, na maji. Nilipoinua macho, nikaona wote watano tumeletewa hivyo hivyo, hakuna chipsi hata moja mezani.

"Na sisi tuna kosa gani?" akanung'unika Ludovic.

"Kula," akasema Callixte. "Nani amekuuliza?"

Tukamaliza.

Nisalimie mama Adelina na Mashauri, na majirani wote wanaonikumbuka. Mungu awalinde mkilala na mkiamka.

Ni mimi baba yako mkubwa, ninayekupenda na kukuwaza,

Deusdedit