Mpwa Wangu Anasema Usonji Umenifutia Kura

Mpendwa mshauri Noreen, nisaidie upesi, kwa maana daktari wangu wa moyo ameacha kutamka neno “mwakani”. Nina miaka themanini na minne, nilifundisha hisabati sekondari mpaka nikastaafu, na mwaka juzi mtaalamu alinipima akasema nina usonji, jambo lililonifurahisha, maana hatimaye nilijua kwa nini maisha yangu yote nimewasahihisha watu hata msibani, lakini mpwa wangu Craig aliposikia akanishika bega akasema, “Pole Shangazi, ndiyo basi tena, mwenye usonji hapigi kura hapa Queensland,” nami, kwa kuwa huchelewa kutambua ninapodanganywa, nikamwamini, na siku ya uchaguzi mkuu nikaenda shuleni penye kituo, nikaipita foleni ya wapiga kura, nikala soseji ndani ya mkate, na vitunguu, ile wanayouziwa wapiga kura hapa kwetu kila uchaguzi, nikarudi nyumbani. Soseji ya wapiga kura! Sitaki kufa na dhambi hiyo tumboni. Jumamosi hii tunachagua baraza la mji, Craig mwenyewe anagombea, anataka kuvunja maktaba ajenge maegesho ya magari, nami natamani kupiga kura mara ya mwisho. Jana nilimwuliza kama ana hakika na sheria yake. “We Shangazi, kunywa chai yako bwana, sheria niachie mimi.” Je, kweli nimefutwa?

Enid, Childers, Queensland, Australia

Bi. Enid, kwa moyo wako, pole. Kwa kumwamini Craig, nakufokea. Mwalimu mzima wa hisabati unapewa jibu lisilo na njia, unaliwekea vema! Usonji peke yake haufuti kura ya mtu, wala haki ya kuandika wosia, kuolewa, au kumtoa Craig sebuleni. Sheria hutazama kama unaelewa unachoamua, na wewe unaelewa kupita kiasi. Kama bado unaendesha gari, hilo tu mwulize daktari, maana huenda ukatakiwa kuwaarifu watu wa leseni. Soseji achana nayo. Wazazi wa shule humwuzia yeyote mwenye njaa. Kosa ni kutopiga kura, maana hapa ni lazima. Tume ya uchaguzi ikikuuliza kwa nini hukupiga, mtaje Craig kwa majina yake yote.

Leo hii piga simu tume ya uchaguzi uhakikishe jina lako limo. Jumamosi nenda na jirani, akuombee kiti. Mlangoni utamkuta mpwa wako akigawa vikaratasi vyake. Pokea kimoja, shukuru, ingia. Ukitoka atakuuliza, “Umenipa mimi, Shangazi?” Najua huwezi kusema uongo. Usiseme. Kura ni siri: mpige busu shavuni, nenda zako nyumbani, mwache yeye asilale.