Stotra kwa Sauti Tatu

Jumatatu, 12 Januari 2026

Hilliard, kwa mgonjwa wangu. Mama Hansa amekataa uji. Vijiko vitatu tu! Macho yamekwisha, sasa ananitambua kwa hatua. Ofisi ya wahudumu wa majumbani ilinipangia kwake sababu ya Kiswahili: ni Mhindi wa Kisumu, na Kiswahili chake cha dukani hajakisahau. Leo ameomba jambo jipya. Yeye atamke stotra yake, utenzi wa sifa wa Kihindu, mimi niiandike kwa herufi zetu, nimsomee siku atakaposhindwa kusema. Bintiye Nayna, aliye Buffalo, ameisikia tu, haijui kwa moyo.

Nikasema sawa. Kwa nini nilisema sawa? Mimi, Msabato, kiongozi wa sauti ya alto kwayani!

Jumatano, 14 Januari

Kurasa nne. Kisanskriti hakina huruma. Nikikosea anagonga kitanda kwa pete — maana yake, rudia.

Nilimwuliza anaomba nini humu. Akacheka. "Hapana omba kitu, binti. Sifu tu." Unamwita Devi, mungu wao wa kike, kwa majina yake, moja baada ya jingine, mpaka moyo wako utulie. Stotra za kale kabisa, anasema, wahenga hawakuzitunga, walizisikia, zikapita mdomo kwa sikio kabla ya maandishi. Nyingine zilitungwa baadaye na walimu, au mtu yeyote aliyezidiwa na mapenzi. Hii alifundishwa na bibi yake asiyejua kusoma, wakichambua mchele. Mwisho wake una ahadi: atakayeisikia yote ataondoka bila hofu. Ndiyo maana ananitaka mimi. Anaogopa kuishia katikati.

Na mimi nina hofu ya kututosha wote wawili. Amri ya kwanza iko wazi. Lakini kusoma ndiyo kuabudu? Mbona namsomea barua za bima!

Ijumaa, 16 Januari

Nimeharibu.

Beti za mwisho ndizo ngumu, kwa hivyo nilijirekodi nikiziimba, nimtumie Nayna aniambie kama zinafanana na za mamake. Nikazituma kwa kundi la kwaya. La kwaya! Na sisi hujifunza hivyo hivyo — natuma alto, kila mtu anajibu na sauti yake. Kabla sijavua glavu, Makena alikuwa ameweka soprano. "Claris, hii ni moto! Ni ya Ethiopia?" Kisha Ombati, mzee wa kanisa, akatia besi. Makena akaziunganisha zote tatu.

Ubaya ni kwamba imependeza. Niliisikiliza mara mbili garini, nikajichukia.

Nimewajibu: ni ya kusifu. Si uongo. Wala si ukweli.

Jumanne, 20 Januari

Mazoezi, Whitehall, sebuleni kwa Makena. Mzee Ombati anasema tutaiimba Louisville Sabato hii, kwenye mkutano wa makanisa. Anataka maana yake ili aitambulishe. Nikasema nitaitafuta. Nikajaza chapati mdomoni nisiulizwe zaidi.

Alhamisi, 22 Januari

Mama hasemi tena. Nesi anasema ni leo au kesho. Theluji imefunga Buffalo, barabara na ndege. Nayna analia kwenye simu: Claris, please, just read it to her, mpaka mwisho — hilo "mpaka mwisho" alilisema kwa Kiswahili, sijui mama yake alimfundisha lini.

Nikasoma ukurasa mmoja. Nikaiona Louisville, nikaona watu wote wale wakisimama kuimba wasichokijua. Nikafunga daftari. Pete ikagonga. Nikajifanya sikusikia. Naona aibu hata kuliandika hilo.

Jioni nikampigia Mzee Ombati, nikamwambia yote. Akauliza: "Dada Claris, umetufanya tumwimbie nani?" Wimbo umeondolewa. Na sharti lake: daftari nilitupe, ama niache alto. Kesho asubuhi atanipitia kazini twende Louisville. Jibu nimpe njiani.

Miaka saba ya alto.

Ijumaa, 23 Januari

Naandika nyuma ya daftari lake, mikono ipate kazi.

Nilianza saa mbili. Nimesoma kurasa tatu bila kuruka jina. Kwenye ya nne kilio kilinipanda, sauti ikakauka kabisa, nikabaki nakwaruza tu. Pete: rudia. Siwezi, Mama! Nikafungua simu nikamwekea ile rekodi yetu, sauti tatu. Chaji asilimia mbili.

Uso wake ukalegea. Kidole kikaanza kufuata besi.

Mlango niliuacha wazi kwa ajili ya nesi. Nilipoinua kichwa, Mzee Ombati alikuwa amesimama pale, theluji mabegani, akijisikiliza. Sijui alikuwepo tangu lini. Simu ikazima mistari michache kabla ya ahadi.

Pete ikagonga. Mara moja, polepole.

"Anataka nini?" akauliza.

Nikamwambia kwa mnong'ono: arudiwe. Hajafika mwisho.

Ametazama saa, akamtazama Mama. Amevua kofia, nafikiri ni kwa heshima ya mgonjwa tu. Nimemfungulia ukurasa wa nne pale kitandani, umemwelekea yeye. Hajaushika. Pete imegonga tena, nyepesi kuliko mwanzo, naye bado amesimama, anakohoa kidogo, vile hukohoa kila Sabato kabla ya kuanza besi yake.