Treni Iliyoondoka Tupu

Shikamoo, Bi Mkubwa.

Marahaba nimejiitikia mwenyewe kwa niaba yako, maana nimechoka kungoja vitu visivyokuja. Nimekaa barazani na daftari nililoazima kwa mjukuu wa Binti Hemedi, jirani yetu yule yule mbishi, na kalamu inayoandika ikitaka. Ungeniona ungecheka. Unakumbuka tulipokwenda ngumbaru, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto tukisoma a, e, i? Wewe uliacha mapema. Ulisema, "Hadithi zangu zimo kichwani, sina haja ya kuzihamishia kwenye karatasi." Mimi nikaendelea kwa ubishi tu. Haya, leo ubishi wangu umefaa.

Habari za huku si nyingi. Sukari ikija dukani huja na foleni, na foleni ikinifikia mimi sukari imekwisha. Nguo bado taabu. Hukuiona shida ya sanda yako, na afadhali hukuiona. Watu walizunguka mpaka Lindi mjini. Mikorosho yetu ya kule mahameni, tulikohamishwa kuja kukaa kijijini, imemezwa na msitu, na goti langu halifiki tena huko. Asubuhi naamka nimechoka, jioni nalala nimechoka, katikati napika.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya sukari. Nimekuandikia kwa sababu sinema yako nimeiona.

Ndiyo, ile ile. Athumani wetu amerudi kutoka melini, na safari hii alishuka kwenye lori na televisheni imefungwa ndani ya godoro, pamoja na deki, kisanduku cha kuchezea mikanda ya video. Kijiji kizima kilimpokea mzigo kabla ya kumpokea yeye. Akaniambia huko Dar aliizunguka mitaa yote ya wakodisha mikanda akiitafuta sinema yako, naye hajui jina lake wala jina la mchezaji hata mmoja. Mwisho akasimama mbele ya duka la Mhindi mmoja akauimba ule wimbo wako. Maneno hayakueleweka, na yangeelewekaje, ulikuwa umeyatunga mwenyewe! Ila sauti ilikuwa sawasawa. Mwenye duka akamwita mama yake, bibi kizee, akatoka nyuma ya pazia akiuitikia. Mkanda ukapatikana.

Wewe peke yako hapa Kitomanga ndiye uliyekuwa umeiona. Mume wetu, Mungu amrehemu, alikupeleka Lindi mjini mwaka ule wa Uhuru, mlipouza ufuta, mimi bado sijaolewa wala sijafikiriwa. Ukaingia ukumbi wa sinema, na kesho yake ukamgomea kurudi nyumbani mpaka akuingize tena. Ukarudi na sinema yako kichwani, ukatulisha sisi wengine miaka yote hiyo. Hata lile gari la sinema la serikali lilipokuja likatuonyesha namna ya kuchimba choo na kunyunyizia mikorosho dawa, watu walikaa kimya kwa heshima, lilipoondoka wakakugeukia wewe: Bi Zuhura, hebu tupe ya kwako.

Alasiri tukibangua korosho, vidole vimetuchubuka kwa utomvu wa maganda, wewe ulianza. Muuza bangili, mjane asiye na mtoto, anaachiwa kichanga na msichana maskini anayekwenda kutafuta kazi mji wa mbali. Mtoto anakua, anamwita muuza bangili mama. Kisha mama mzazi anarudi, na wote watatu wanakutana kituo cha treni. Treni hatukuijua, ukatueleza ni mabasi mengi yaliyoshikana mikia kwa vichwa. Aliyeuliza mbele kuna nini ulimkata palepale: "Usiniharakishe. Hata wao waliimba kwanza." Ukaimba.

Na mwisho wake hapa hakuna mtoto asiyeujua. Kijana anasimama kati ya mama zake wawili. Anamshika huyu mkono wa kulia, anamshika yule mkono wa kushoto, wanatoka kituoni watatu. "Na treni," ulikuwa unasema, "ikangoja, ikachoka, ikaondoka zake tupu." Hapo watu walishusha pumzi. Athumani, ambaye muda wote alikuwa mapajani kwako, alishuka akaja upande wangu, akanishika mkono, akatulia hivyo mpaka nimalize korosho zangu. Nilidhani amechoka kukaa.

Nilimzaa mimi, ukamlea wewe. Hukunilaghai. Ulikuja kunichumbia kwa mdomo wako, ukamwambia mama yangu kwamba nyumbani kwako kuna kila kitu isipokuwa kilio cha mtoto. Tukakubaliana wa kwanza akiacha ziwa atakuwa wako, na neno tulilitimiza. Lakini alikuita wewe Mama, mimi akaniita Mama Mdogo. Akijikwaa alinipita mimi niliye karibu, akakukimbilia wewe uliye mbali. Niliona wivu, Bi Mkubwa. Wivu wa kuwasha kuliko utomvu wa korosho. Hata siku tuliyokuzika, nilipomwona mtu mzima yule ameshika ukuta analia, nilikuona umenishinda hata ukiwa umelala.

Basi jua na hili. Mkewe Mariamu amejifungua hapa hapa, mtoto wa kike, mzima, mweusi kama babu yake. Na msichana wa kwanza, ndivyo tulivyokuta, hubeba jina la mama wa baba yake. Mama wa baba yake ni nani? Kijiji kikagawanyika. Kisimani walibishana, Binti Hemedi akiwa mbele, tena upande wako. Athumani akaja jikoni, akachuchumaa, akasema ananiachia mimi, nitakalosema ndilo. Nikamjibu: "Naitwa Mwanajuma, kama umesahau." Akainamisha kichwa, akasema sawa, Mama Mdogo. Nikaona angalau kimoja nimekipata. Jina si kitu kikubwa, nikajiambia, nani atanionea choyo?

Siku moja kabla ya ile ya saba, ya kumpa mtoto jina, ndipo tukaangalia sinema. Athumani aliazima jenereta kwa yule mwenye mashine ya kusaga, na petroli akaitoa anakojua mwenyewe. Mchana kweupe, baada ya sala ya adhuhuri, tukaziba madirisha kwa kanga ili picha ionekane. Nilitoa na ile yako ya zambarau. Watu wakajaa mikekani mpaka uani. Jenereta likanguruma hata sauti za wachezaji hazikusikika, na zingesikika zingetusaidia nini, Kihindi? Wote wakanigeukia mimi. Haya, Mama Athumani, tuambie. Wewe hupo, nani mwingine?

Nikaanza kusema unavyosema wewe. Nikasema sari nyekundu, nikasema bangili za kijani, watoto wakaniangalia. Hazina rangi, Bi Mkubwa! Sinema nzima ni nyeusi na nyeupe. Ile nyekundu, ile kijani, lile anga la buluu juu ya kituo, ulivipaka wewe. Nikacheka peke yangu. Lakini mengine yote yalikuwa vile vile. Muuza bangili ana kilema kidogo cha mguu kama ulivyosema. Kichanga kimefungwa kwenye shuka yenye kiraka. Nilikuwa nalisema jambo, na jambo linatokea, na watu wananong'ona kwamba Bi Zuhura alikuwa na kichwa.

Tukafika kituoni. Treni imesimama inatoa moshi. Kijana kati ya mama zake wawili, kama ulivyosema. Nikafungua mdomo niseme, akamshika huyu na huyu.

Hakushika. Alimwendea muuza bangili akamkumbatia, akakaa pale. Mama yake mzazi, kijana alimwinamia tu, akamgusa miguu kwa adabu, kama mtu anavyomuaga mgeni. Yule mwanamke akapanda treni peke yake. Wakatuonyesha uso wake dirishani, muda mrefu, mrefu kupita kiasi, halafu treni ikaondoka naye.

Niliujua uso ule. Si wa mchezaji. Ni wangu mimi, siku zote nilizokaa na debe langu la korosho nikimwangalia mwanangu mapajani kwako.

Wa kwanza kusema ni Binti Hemedi. Alisema kwa sauti ya mwenyekiti wa mkutano, "Huu mkanda umekatwa. Mwisho wake sio huo." Nyumba nzima ikamuunga mkono. Mwisho wanaujua, wamekua nao. Watu wa Dar wametuuzia kipande, kama wanavyotuletea unga nusu na mchanga nusu. Wakamwambia Athumani aurudishe, adai mzima. Wakanigeukia tena, eti niseme, si umekatwa? Nikasema ndiyo, umekatwa.

Walipokwisha kutoka, nilibaki nazikunja kanga, na Athumani anakunja nyaya. Nilimuuliza kwa nini haonekani kushangaa. Akaendelea na nyaya zake, akaniambia huo mwisho hakuujua, ila alijua kila mara ulikuwa na shughuli nao. Ukikaribia treni ulikuwa unamfinya kidogo mgongoni, unamnong'oneza sikioni.

"Alikuwa anakunong'oneza nini?"

"Nenda kamshike mama yako mkono."

Nikamuuliza kama ulisema hivyo hivyo, "mama yako". Akasema hivyo hivyo, kila mara.

Nilikaa chini, Bi Mkubwa. Goti hili likikaa chini halisimami kirahisi, na nilikaa hapo mpaka Mariamu akaja kuniuliza kama naumwa. Nilikuwa nalia. Nawaza, ungeweza kuiacha ilivyo. Ulikuwa umeiona mara mbili kwa macho yako, na katika kijiji kizima hapakuwa na mtu wa kukubishia. Mwisho ule ulikuwa wako. Mtoto anabaki kwa mlezi, mzazi anakwenda zake, na watu wangesema ndiyo, hivyo ndivyo dunia ilivyo. Athumani angeusikia kila alasiri mpaka umwingie kwenye mifupa. Nami ningeusikia. Ukautupa. Ukanishusha mimi kwenye treni, siku hadi siku, mbele ya watu, na hukuniambia hata siku uliyokuwa unakufa, ulipokuwa unaniomba maji na kunikumbusha kuku hawajafungiwa.

Asubuhi yake mwalimu wa madrasa akaja, akakaa, uji ukaletwa. Akamchukua mtoto, akauliza jina. Athumani akanitazama mimi, amekwisha kulikubali lile tuliloagana. Nikasema, "Zuhura."

Mwalimu akaniuliza tena, maana na yeye alikuwa ameshasikia mengine. Nikarudia. Binti Hemedi akapiga kigelegele kana kwamba kashinda kesi. Athumani alitoka nje akajifanya anaangalia jenereta, na jenereta lilikuwa limesharudishwa kwa mwenyewe. Usidhani kwamba sasa ananiita Mama. Bado ni Mama Mdogo, asubuhi na jioni. Nimeizoea, na nikiisikia siku hizi hainichomi.

Mkanda ameuacha hapa. Nimeufunga kwenye kanga yako ya zambarau, nikauweka juu ya kabati. Televisheni inarudi naye Dar, huku haina wa kuilisha petroli. Watu wananiuliza kila siku kama ule mzima umepatikana. Nawaambia unatafutwa.

Sasa jua limefika kwenye karatasi na kalamu imeanza ukaidi wake. Pumzika, Bi Mkubwa. Nimechoka, lakini sijachoka kiasi cha kushindwa hili ninalokuahidi. Zuhura akishaweza kukaa, nitampakata alasiri nikibangua korosho, nimsimulie sinema yako yote. Sari nitaipaka nyekundu na bangili kijani. Wimbo nitauimba vibaya, utanisamehe. Treni itangoja, itachoka, itaondoka zake tupu. Na tukifika hapo nitamfinya kidogo mgongoni, nimnong'oneze aende akamshike mama yake mkono.

Mimi mwenzako,
Mwanajuma